Achari Haitaki Maji

Adui wa achari ni maji, na Musoma ni mji uliozungukwa na maji karibu pande tatu. Ugumu wa kazi unaanzia hapo. Mchana upepo hutoka Ziwa Viktoria na kupanda mjini ukiwa umebeba unyevu. Embe changa, zile hasa zinazofaa achari, nazo huingia sokoni wakati mvua za vuli zinapiga hodi. Mtu anayeamua kuanika embe hapa mjini, mtaa wa Mukendo, mwezi wa Novemba hana budi ajue kusoma wingu, ajue kukimbia na ungo, na zaidi ya yote ajue kungoja. Nimekaa uani kwa mmoja wa watu hao nikimtazama kazini, na ninachotaka kueleza ni jinsi mama mmoja anavyoyafukuza maji kwenye chakula, hatua kwa hatua, mpaka chakula chenyewe kinakubali kukaa mwaka mzima bila jokofu.

Yeye ni bibi wa wajukuu wengi. Anaishi nyuma ya maduka, kwenye ua wenye vyumba vya kupanga, na wapangaji wote humwita Bibi, nami nikafuata hivyo hivyo. Ukimwamkia, marahaba yake inakuja taratibu, kisha anakuonyesha kigoda. Kazi hii aliipata usichanani, alipokuwa akisaidia jikoni kwa familia ya Kigujarati papa hapa mjini. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli zikaanza kuunganisha bandari za ziwa zima, na wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch wakazifuata bandari hizo moja baada ya nyingine. Dukani walikuja na vitambaa, mizani na vitabu vya hesabu. Jikoni walikuja na haradali, uwatu na mvuje. Bibi anasema mama mwenye nyumba ile hakumfundisha kwa maneno. Alimpa kisu, akamkatia kipande kimoja cha mfano, na kila Bibi alipokata kikubwa au kidogo kuliko hicho, kipande kilirudishwa mbele yake kimya kimya.

Sokoni hanunui fungu. Anaomba kuchagua moja moja, na wauzaji waliomzoea wanamwachia. Embe dodo anaipita: ni kubwa, ni nzuri, lakini nyama yake ina maji mengi na ikikaa kwenye chumvi hulegea. Anazozitaka ni embe ndogo za kienyeji, zenye nyuzi, ambazo zikiiva watu wa mjini huzidharau kwa sababu zinakwama menoni. Nyuzi hizohizo ndizo zitakazokishika kipande kisipasuke miezi sita baadaye. Anaibonyeza embe kwa ukucha wa kidole gumba karibu na kikonyo. "Ukucha ukizama, hiyo ni ya kula," anasema, na kuirudisha kwenye tenga. Kisha anamwomba muuzaji apasue moja. Hapo anatazama kokwa. Liwe limeanza kujenga gamba, lakini kisu bado kinapita. Likiwa jororo kabisa, embe ni changa mno na vipande vitasagika. Gamba likiwa limekomaa hata linadai panga, basi nyama ya ndani imeshaanza kupata umanjano na sukari imeshachukua nafasi ya ukali.

Pilipili anachukua za namna mbili: ndefu nyekundu kwa ajili ya rangi, na pilipili mbuzi kwa ajili ya harufu na moto. Karoti anachagua nyembamba, si zile nene zenye moyo mgumu. Kitunguu saumu anataka cha Mbulu, na akikikosa yuko tayari kuahirisha kazi nzima, jambo ambalo wakwe zake wanaliona ni ukaidi. Mimi naliona ni heshima kwa kazi. Viungo anavinunua duka lilelile la siku zote: haradali, uwatu, habat soda, manjano, na mvuje kidogo uliofungwa kwenye karatasi mara mbili kwa sababu ya harufu yake, ambayo haivumiliki mpaka ikutane na mafuta ya moto.

Anayemwona akinunua anaweza kujiuliza haraka ni ya nini, kwa kuwa mvua zikianza mboga huwa tele. Jibu liko Julai. Kiangazi kinapokaza, kuanzia Juni hadi Septemba, mchicha hupanda bei na bustani zinazobaki hai ni zile za kumwagilia. Sisi hatuna theluji ya kutufungia ndani, lakini tuna kiangazi, na watu wa mkoa huu wa Mara wamekipangia tangu zamani. Dagaa huanikwa ufukweni. Samaki hubanikwa. Muhogo huvundikwa na kukaushwa mpaka unakuwa udaga. Majirani zao Wasukuma hukausha viazi vitamu wakapata michembe. Achari ni mgeni katika orodha hiyo, ila sheria yake ni ileile: toa maji sasa, ule baadaye.

Ugeni wenyewe usitiwe chumvi, kwa maana pwani yetu imeijua achari zamani sana. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa karamu ya wali wenye samli, na pembeni akawekewa maziwa ya mgando pamoja na ndimu na pilipili zilizolazwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi, na embe. Alieleza pia kwamba embe isiyoiva ni kali na watu huitia katika siki. Pilipili alizozikuta haziwezi kuwa hizi zetu nyekundu, kwa sababu hizi asili yake ni Amerika na Wareno ndio walioziingiza katika biashara ya Bahari ya Hindi karne ya 16. Embe nayo ilitoka Asia ikavuka bahari, kisha ikapanda bara na misafara. Miembe ya Tabora na Ujiji ni kumbukumbu ya njia hiyo. Kwa hiyo ndani ya chupa moja ya Mukendo zimo safari mbili zilizotoka pande mbili za dunia.

Turudi uani. Embe zikifika hazioshwi kwanza. Bibi anakata kikonyo cha kila moja na kuilaza kichwa chini kwenye majani makavu ya mgomba ili utomvu utoke. Utomvu huo unachoma ngozi. Ukiingia kwenye achari unaacha uchungu, na mlaji anaweza kutokwa na vidonda mdomoni. Embe zinakaa hivyo mpaka matone yamekatika. Ndipo zinaoshwa kwa maji mengi, zikasuguliwa kwa kiganja, zikasuuzwa. Hayo ni maji ya mwisho kuzigusa. Baada ya hapo Bibi anaketi na kanga kuukuu iliyofuliwa ikakauka, na kuzifuta moja moja. Anafuta, anaigeuza, anachokonoa kitundu cha kikonyo kwa ncha ya kanga, kisha anaiweka kwenye sinia isigusane na mwenzake. Kijana angelifanya kwa dakika kumi. Yeye anachukua sehemu kubwa ya asubuhi, na hazungumzi sana.

Pilipili zina utaratibu wake, na hapa nilishangaa jinsi jambo dogo lilivyofikiriwa. Zinaoshwa zikiwa na vikonyo vyake. Ukikitoa kikonyo kabla ya kuosha, umefungua mlango, na maji yataingia ndani ya pilipili mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kwa hiyo zinaoshwa zimefungwa, zinakauka zimefungwa, na kikonyo kinatolewa mwisho kabisa, kwa kukisokota, si kwa kukivuta. Kisu kinafuata, kinaipasua pilipili ubavuni kwa urefu bila kuitenganisha.

Kukata embe ndiko kunakoonyesha miaka yake. Ana kisu kimoja, kilicholiwa na jiwe la kunolea mpaka ubapa wake umebaki mwembamba, na ubao wenye bonde katikati. Embe inasimamishwa. Kisu kinashuka mara moja na kuipasua pamoja na kokwa. Kwa ncha ya kisu anaing'oa mbegu ya ndani na kukwangua ule utando mwembamba unaobaki, ambao ukiachwa unavunda. Gamba changa la kokwa analiacha kwenye kipande, kwa sababu ndilo litakaloishikilia nyama. Ganda la nje pia haling'olewi. Kila nusu inapasuliwa tena na tena hadi vinapatikana vipande vya upana wa vidole viwili. Vinaanguka kwenye beseni vikiwa sawasawa hata ungedhani kuna rula chini ya ubao. Sababu si urembo. Kipande kinene kinanyauka nje kikabaki na maji ndani, chembamba kinakauka mpaka kinakuwa kigumu, na vyote viwili vikikaa chupa moja, kile chenye maji ndicho kitakachoamua hatima ya wenzake.

Beseni ni la plastiki. La aluminiamu hana habari nalo kwa kazi hii; ukali wa embe na chumvi huila aluminiamu, na achari inapata ladha ya bati. Anatia chumvi ya mawe aliyoiponda mwenyewe, kisha manjano, na kuchanganya kwa mikono miwili kwa kuinua kutoka chini na kuachia, mpaka kila uso wa kila kipande umepata rangi. Hapimi kwa kikombe. Anachota kwa mkono, anaachia, anatazama. Kwa jicho langu gao lake halipungui sehemu moja ya kumi ya uzito wa embe, na hicho si kipimo cha kubahatisha. Chumvi ikishika uso wa kipande huvuta maji kutoka ndani ya nyama, na kadiri maji yanavyotoka ndivyo vijidudu vya kuozesha vinavyokosa mahali pa kuishi. Beseni linafunikwa kwa kitambaa na kuwekwa kivulini. Asubuhi yake vipande vinaelea kwenye maji ya njano ambayo hakuna aliyeyamimina.

Anavigeuza asubuhi na jioni, kwa mwiko mkavu wa mti. Rangi inahama: ganda la kijani kibichi linafifia, nyama nyeupe inakuwa ya kaharabu hafifu. Vipande vinaanza kujikunja kingo. Siku ya tatu anakiinua kimoja, anakibana kati ya kidole gumba na cha shahada, anatazama tone linaloning'inia. "Bado," anasema. Siku ya nne hasemi kitu. Anavichota na kuvitandaza kwenye nyungo, ganda likiwa chini na nyama juu. Maji ya njano hayamwagi. Yanaingia kwenye bakuli pana na kuanikwa nayo, yakolee, kwa sababu yamebeba chumvi na ukali na yatahitajika.

Sasa ndipo unapoanza mchezo wa jua na wingu. Nyungo zinapandishwa juu ya paa la bati la jiko, mahali ambapo joto linatoka juu na chini, na kufunikwa kwa chandarua kikuukuu. Chandarua kilichotoboka matundu makubwa hakifai kitandani wala hakifai hapa. Bibi amekishona viraka kwa uzi wa nyavu. Inzi wa mji wa dagaa wanajua kutafuta. Mjukuu wa kiume wa kama miaka kumi ndiye mlinzi. Kazi yake ni kukaa mahali anapoliona anga na kupiga kelele. Lakini Bibi mwenyewe huwa ameshasimama kabla ya kelele. Anasikia upepo ukikatika ghafla, ule uliokuwa ukivuma kutoka ziwani tangu saa nne, na kwake huo ndio ujumbe. Nyungo zinashuka, zinaingia ndani, mlango unafungwa. Mvua ikipiga au isipige, hazirudi nje mpaka bati limekauka tena. Nilimwona akizipandisha na kuzishusha mara kadhaa katika alasiri moja bila kunung'unika hata mara moja, wakati jirani aliyekuwa akikausha nguo alishatoa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Jioni nyungo hulala ndani, kwa kuwa umande ni maji pia. Kukiwa na jua zuri siku tatu zinatosha; vuli ikishupaa inaweza kufika wiki. Kipande kilicho tayari hukunjika kama ngozi ya kiatu kilichovaliwa, hakivunjiki, hakitoi tone, na ukikikwaruza hakiachi unyevu kwenye ukucha. Beseni lililojaa pomoni limerudi robo tatu, pengine nusu.

Karoti, pilipili na saumu hazipiti njia hiyohiyo. Zinakatwa, zinaanikwa siku moja zinyauke, kisha zinalazwa usiku kucha kwenye siki. Nilimuuliza kwa nini embe haitiwi siki na karoti inatiwa. "Embe ina ukali wake," akajibu, "karoti lazima iazimwe." Wataalamu wa usindikaji wangelieleza jambo hilohilo kwa namba. Uchachu hupimwa kwa pH, na chini ya 4.6 bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, ambaye sumu yake inaweza kuua, hawezi kuota. Embe mbichi iko chini kabisa ya mpaka huo. Karoti na kitunguu saumu ziko juu yake. Saumu mbichi ikizamishwa moja kwa moja kwenye mafuta, bila uchachu wala chumvi ya kutosha, inakuwa mahali pazuri pa bakteria huyo kujificha kwa sababu mafuta yanamzibia hewa, na yeye hewa haitaki. Mama wa Kigujarati aliyemrithisha Bibi utaratibu huu hakutaja bakteria. Alisema tu saumu isiyolala kwenye siki haiingii chupani, na Bibi hajawahi kuivunja sheria hiyo.

Siku ya viungo ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Jiko la mkaa linawashwa mapema ili moto uwe wa makaa mekundu, usio na ndimi. Uwatu unakaangwa kwanza, peke yake, kwenye kikaango kikavu. Ni kiungo kidogo chenye uchungu mkubwa: ukiuacha mbichi unatawala chupa nzima, ukiuunguza uchungu unazidi. Bibi anakizungusha kikaango kwa mkono mmoja, haachi punje zitulie. Zinatoka njano, zinaingia kahawia, harufu inageuka kuwa tamu, na papo hapo kikaango kinaondolewa. Haradali inapashwa moto tu, haikaangwi. Kisha inaingia kwenye kinu kidogo na kupigwa taratibu, si mpaka unga, bali mpaka kila punje imepasuka vipande viwili na ganda limeachana na moyo. Kutoka kinuni inakwenda kwenye ungo. Bibi anapepeta: mikono inarusha, nyonga hazisogei, maganda meusi yanajikusanya ukingoni na mioyo ya njano inabaki katikati. Anapuliza mara moja. Ungo umegawanyika.

Pilipili kavu za kusaga na habat soda zinafuata, tangawizi iliyokwaruzwa ikanyaushwa, chumvi kidogo. Vyote vinasubiri kwenye beseni. Mafuta ya alizeti yanamiminwa kwenye sufuria na kuachwa yapate moto mpaka moshi mwembamba wa buluu unapanda. Anayaepua. Hapo mtu mwenye haraka angemimina, na angepoteza kazi ya wiki mbili, maana mafuta yenye joto hilo huunguza pilipili ikawa nyeusi na chungu. Bibi anatia mvuje peke yake. Unachemka, unapasuka, na harufu iliyokuwa haivumiliki inageuka kuwa harufu ya kitunguu kilichoiva. Kisha anakaa. Anajifunga kanga vizuri, anazungumza na mkwewe habari za ada za shule, anapokea pesa ya sabuni kutoka kwa mpangaji. Kila baada ya muda anakaribiza kiganja juu ya sufuria. Moshi umekwisha, mvuke wa joto umepungua. Anadondosha punje moja ya haradali na kutazama. Ikilia, bado. Ikizama kimya, tayari.

Anayamwaga mafuta kwenye viungo kidogo kidogo huku mkono wa pili ukikoroga. Rangi nyekundu inatoka kwenye pilipili na kuingia kwenye mafuta. Ukali nao, kwa sababu moto wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Ndiyo maana achari nzuri inaunguza mdomo mzima kwa usawa, na mbaya inakuchoma mahali pamoja tu. Vipande vya embe vinaingia, karoti na pilipili zilizochujwa siki zinaingia, saumu, na mwisho yale maji ya njano yaliyokolea juani mpaka yamekuwa mazito. Anachanganya tena kwa namna ileile ya kuinua kutoka chini.

Chupa za kioo zilichemshwa tangu jana na zimeanikwa juani midomo ikiwa juu. Anajaza kwa kijiko cha mti, anakandamiza, anajaza, anakandamiza. Viputo vya hewa vinapanda kando ya kioo naye anavifuata kwa kijiti cha mwanzi mpaka vitoke. Mafuta yanaongezwa juu hadi yasimame upana wa kidole kimoja juu ya kipande cha mwisho. Siku za kwanza mdomo unafungwa kwa kitambaa, si kifuniko, na chupa zinakaa dirishani zipate jua la asubuhi. Achari inapumua kwanza. Kifuniko kinakuja baadaye, na karatasi ndogo yenye tarehe, iliyoandikwa na mjukuu kwa mwandiko wa shule.

Kuonja kabla ya wiki tatu hakuruhusiwi, na Bibi hatanii. Achari changa ina kelele: chumvi inapiga peke yake, uwatu unapiga peke yake, embe bado ngumu. Kufikia mwezi wa pili vinaanza kusikilizana. Kufikia Juni, kiangazi kikiwa kimeingia, ganda la embe limelainika na nyama inatengana na gamba kwa ulimi tu. Sato wa kukaanga na ugali wa udaga vikipata kipande kimoja cha hiyo vinatosha kuitwa karamu. Wanafunzi wa bweni huibeba kwenye matranka. Kuna chupa ambazo huharibika pia. Mwaka mmoja, kwa maelezo yake, kifuniko kimoja kilikuwa na kutu na ukungu ukaingia; alizimwaga zote zilizofungwa kwa vifuniko vya aina hiyo, hata zile zilizoonekana nzima.

Mwanawe angependa achari hii ifike madukani. Si ndoto: SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, huwafunza wajasiriamali wadogo usindikaji, na tangu 2019 usimamizi wa ubora wa chakula umo mikononi mwa TBS, shirika la viwango, kwa hiyo njia inajulikana. Bibi hapingi. Anauliza tu nani atafuta embe. Swali hilo wala si la dharau. Achari ya kiwandani, ile yenye vipande vya ukubwa mmoja ndani ya mchuzi mzito, ni salama na ni rahisi, na mtu mwenye njaa hataikataa. Lakini imekatwa na mashine isiyojua embe ipi ilikuwa na kokwa jororo, na utalijua hilo kwenye kipande cha tatu.

Chupa ya Bibi inauzwa ghali kuliko ya dukani, na hata hivyo ni rahisi ukihesabu siku. Ukiipata, usiichote kwa kijiko kilichotoka kwenye mchuzi. Kijiko kiwe kikavu kabisa, na mafuta yasishuke chini ya vipande. Yakishuka, pasha moto mengine, yaache yapoe, uongeze.